Seva ya Kituo Haifunguki kutoka Mbali: Dalili, Sababu na Hatua za Kuchukua

Lalamiko linalomfikia msimamizi wa seva ya kituo cha utafiti huja karibu kila mara kwa maneno yaleyale: "neno langu la siri limekataa." Ukichunguza, mara nyingi neno hilo halijaulizwa kabisa. Mega zimeisha, umeme wa kituo umekwenda, au saa ya mashine imerudi nyuma.

Mfano wa hapa ni seva moja ya Linux (Debian au Ubuntu) iliyoko Goma. Ina data za mitetemo na picha za satelaiti za volkeno za Nyiragongo na Nyamulagira, na inatumiwa kwa pamoja na watu walioko Himbi, Bukavu, Lwiro na wengine walio masomoni Ulaya. Wote wanapitia VPN ya WireGuard (njia ya siri ndani ya intaneti), kisha SSH (programu ya kuingia kwenye seva na kuiandikia amri). Amri inayoanza na `sudo` ni ya msimamizi peke yake.

Kabla ya kugusa chochote

Rudia kuingia ukiwa umeongeza `-v`:

`ssh -v amani@10.8.0.5`

Soma mistari ya mwisho. Kuingia kwenye seva ni kupiga hodi: kuna nyumba isiyojibu (`Connection timed out`), kuna unayofukuzwa mlangoni (`Connection refused`), na kuna unayoulizwa wewe ni nani halafu usitambuliwe (`Permission denied`). Ni magonjwa matatu tofauti, na dawa ya moja haitibu jingine. Ukimwandikia msimamizi, mtumie maandishi yenyewe, saa ulipojaribu, na mtandao uliotumia. Picha ya skrini iliyokatwa nusu haimsaidii, na "haifunguki" peke yake haimwambii kitu.

Dalili ya 1: kimya, kisha `Connection timed out`

Anza na upande wako. Simu inaweza kuonyesha mtandao umejaa huku mega zimeisha. Andika `ping 1.1.1.1`. Kama hakuna jibu, tatizo halijafika hata nje ya nyumba yako.

Intaneti ikiwa ipo, angalia VPN kwa `sudo wg` kwenye kompyuta yako mwenyewe (hapo msimamizi ni wewe), au fungua programu ya WireGuard kwenye Windows. Tafuta mstari wa `latest handshake`. Ukiwa unatuma kitu na mstari huo unaonyesha zaidi ya dakika 3, njia imekufa hata kama programu inasema imewaka. Izime, iwashe tena.

Sababu ya tatu ni umeme wa kituo. Uliza mtu aliye pale kabla ya kuhangaika. Delestaji (mgawo wa umeme) ikiisha, seva nyingi hubaki zimezimwa kwa sababu hazijaelekezwa kuwaka zenyewe. Mpangilio huo uko kwenye BIOS (menyu ya ubao inayofunguliwa mashine inapowaka), kwa kawaida kwa jina `Restore on AC Power Loss`, na uwekwe kwenye `Power On` au `Last State`. Hata ikiwaka, seva inaweza kuitangulia ruta, ikakosa anwani au ikapewa nyingine. Ipe seva anwani isiyobadilika, aidha ndani ya ruta au kwenye seva yenyewe.

Wanaoishi Birere au karibu na Grande Barrière wana jambo lao. Simu hunasa mnara wa Gisenyi bila kuuliza, na kwa mtandao unaonekana umevuka mpaka. Kama kinga ya mtandao (firewall) ya kituo inaruhusu anwani za Kongo tu, pakiti zako zinatupwa kimyakimya, na salio linaliwa kwa bei ya nje. Bukavu hali ni hiyohiyo upande wa Rusizi. Chagua mtandao kwa mkono katika mipangilio ya simu, usiiachie simu ichague.

Sasa sababu inayowasumbua wasimamizi kuliko zote. Mitandao ya simu haitoi anwani ya umma kwa kila mteja, kwa hiyo vituo vingi huweka mashine ndogo ya kukodi nje ya nchi, na seva ya Goma ndiyo inayoipigia ili njia ibaki wazi. Hapo `PersistentKeepalive = 25` (tuma pakiti tupu kila sekunde 25) ni lazima kwenye mpangilio wa WireGuard upande wa Goma. Bila hiyo ruta ya mtandao husahau njia ndani ya dakika chache, na hakuna anayeweza kuingia mpaka seva yenyewe iseme kitu.

Lakini njia ikikataa kurudi *baada ya umeme kukatika*, tazama saa. WireGuard hutia alama ya wakati katika kila ombi la kuunganishwa, na upande wa pili hukataa ombi lenye wakati wa nyuma kuliko lile la mwisho alilopokea. Betri ya ubao ikiwa imekufa (CR2032, volti 3), seva huamka ikiamini ni mwaka uliopita, maombi yake yote yanatupwa, na hakuna ujumbe wa kosa popote. Atakayekuwa mbele ya mashine aandike `timedatectl`. Saa ikiwa ya uongo, asahihishe, kisha `sudo systemctl restart wg-quick@wg0`. Dawa ya kudumu ni betri mpya pamoja na kuifanya WireGuard isubiri `time-sync.target` wakati wa kuwaka, huku `chrony-wait.service` ikiwa imewezeshwa.

Kuna na sura ya ajabu kidogo: `ssh -v` inaanza vizuri, halafu inaganda kwenye `expecting SSH2_MSG_KEX_ECDH_REPLY`. Pakiti ndogo zinapita, kubwa zinapotea njiani. Punguza ukubwa: `sudo ip link set dev wg0 mtu 1280`. Ikifanya kazi, andika `MTU = 1280` kwenye faili la mpangilio ili isipotee ukizima.

*Simama hapa:* onduleri inayonuka, iliyovimba au inayopiga kelele mfululizo isifunguliwe. Betri zake za risasi huchoka ndani ya miaka 3 hadi 5 hivi, na ndani ya sanduku kuna umeme hata waya ikiwa imechomolewa. Ita fundi umeme.

Dalili ya 2: `Connection refused`

Swali la kwanza: je, mwenzako aliye kwenye mtandao mwingine anaingia? Kama anaingia, huenda umefungiwa na fail2ban, programu ya seva inayozuia anwani iliyokosea kuingia mara nyingi. Kwa mpangilio wake wa kawaida, makosa 5 ndani ya dakika 10 yanaleta kifungo cha dakika 10, na kifungo hicho upande wako husomeka kama `Connection refused`. Ubaya ni kwamba wateja wengi wa mtandao mmoja wa simu hutoka nje kwa anwani moja ya umma. Mahali ambapo SSH iko wazi moja kwa moja kwenye intaneti, mwanafunzi mmoja wa staji akikosea mara tano, nusu ya labo inafungiwa pamoja naye. Subiri dakika 10 bila kujaribu. Msimamizi anaweza kuharakisha:

`sudo fail2ban-client status sshd`
`sudo fail2ban-client set sshd unbanip 203.0.113.20`

Ndani ya VPN, ongeza mtandao wa `10.8.0.0/24` kwenye `ignoreip`, orodha ya anwani ambazo fail2ban haizifungii.

Kama hakuna anayeingia, huduma ya SSH imelala, na mara nyingi ni baada ya mtu kuhariri mpangilio. `sudo sshd -t` itataja mstari wenye kosa. Anayehariri kutoka mbali afuate desturi hii bila kuivunja: dirisha moja libaki limeingia, washa upya huduma, kisha jaribu kuingia kwa dirisha la pili. La pili likikataa, la kwanza ndilo njia yako ya kurudi. Kwa kinga ya mtandao (hapa ni ufw), tanguliza `echo "ufw disable" | sudo at now + 10 minutes` kabla ya kubadilisha kanuni. Ukijifungia nje, mlango utafunguka wenyewe. Mambo yakienda sawa, futa agizo hilo kwa `sudo atrm` na namba yake, maana lisipofutwa litazima kinga yote.

Dalili ya 3: `Permission denied`

Hapa ndipo neno la siri linaweza kushtakiwa kwa haki, ila si peke yake.

Jina la mtumiaji huja kwanza. Kibodi ya simu huweka herufi kubwa mwanzoni yenyewe, na kwa Linux `Amani` na `amani` ni watu wawili. Neno lililonakiliwa kutoka WhatsApp mara nyingi lina nafasi mwishoni ambayo jicho halioni.

Kisha kibodi. Kompyuta nyingi za huku ni AZERTY (mpangilio wa Kifaransa), lakini dirisha la dharura la seva (skrini na kibodi ya mashine yenyewe), na Windows iliyobadilishwa kwa bahati mbaya na Windows+Space, huweza kuwa QWERTY (mpangilio wa Kiingereza). A inakuwa Q, Z inakuwa W, M inakimbilia kwingine, na namba ambazo AZERTY hutaka Shift sasa hazitaki. Kwa kuwa neno la siri halionekani likiandikwa, mtu anaweza kukosea hivyo siku nzima. Liandike kwanza kwenye daftari la kompyuta, lisome, lifute. Kwa akaunti ya msimamizi, ambayo ndiyo itahitajika kwenye dirisha la dharura usiku wa manane, tunga neno refu lisilo na a, q, z, w, m, namba wala alama. Litaandikika sawa kwenye kibodi zote mbili.

Ujumbe ukiwa `Permission denied (publickey)`, seva haikubali neno la siri kabisa. Inataka ufunguo: jozi ya mafaili, la siri linalobaki kwako na la wazi linaloandikwa kwenye `authorized_keys` ya seva. Katika mistari ya `-v` tafuta `Offering public key`. Kama haupo, kompyuta haikuona faili lako: liandike waziwazi, `ssh -i ~/.ssh/id_ed25519 amani@10.8.0.5`. PuTTY hutumia faili la `.ppk`, na OpenSSH hailisomi. Ligeuze kwa PuTTYgen. Ukipata `Too many authentication failures`, una funguo nyingi na kompyuta imezijaribu zote hadi seva ikachoka (kikomo cha kawaida ni majaribio 6). Weka `IdentitiesOnly yes` kwenye `~/.ssh/config`.

Ufunguo ukitolewa lakini ukakataliwa, msimamizi asome kumbukumbu za seva:

`sudo journalctl -u ssh --since "10 min ago"`

Mstari unaojirudia kuliko yote ni huu: `Authentication refused: bad ownership or modes for directory /home/amani`. Chanzo chake kinajulikana. Mtu alitaka mwenzake asome faili lake, akaandika `chmod -R 777` kwenye folda yake ya nyumbani. SSH haiamini ufunguo unaokaa mahali ambapo kila mtu anaweza kuandika. Rekebisha:

`chmod go-w /home/amani`
`chmod 700 /home/amani/.ssh`
`chmod 600 /home/amani/.ssh/authorized_keys`

Kosa jingine ni ufunguo wa wazi uliopitia kwenye ujumbe wa simu ukavunjika mistari. Lazima uwe mstari mmoja. `ssh-keygen -lf faili.pub` ikitoa alama ya utambulisho (fingerprint), uko sawa. Na seva iliyosasishwa hivi karibuni inaweza kukataa programu ya zamani: tangu OpenSSH 8.8 ya 2021, sahihi za `ssh-rsa` zinazotumia SHA-1 zimezimwa. Sasisha programu ya mtumiaji au tengeneza ufunguo wa ed25519. Usirudishe SHA-1 kwa ajili ya mtu mmoja.

Mwisho, akaunti yenyewe. `sudo chage -l amani` huonyesha kama muda umekwisha, na `sudo passwd -S amani` huonyesha `L` ikiwa neno lake la siri limefungwa.

*Simama hapa:* kama mtu ametuma kwa WhatsApp ufunguo wake wa *siri* badala ya ule wa wazi, usijaribu kuutengeneza. Uhesabu umeibiwa. Ondoa mstari wake kwenye `authorized_keys` siku hiyohiyo.

Dalili ya 4: tarakimu sita za simu zinakataliwa

Baadhi ya seva, pamoja na neno la siri, huomba namba ya tarakimu sita inayotolewa na programu ya simu. Ikikataliwa ni saa, karibu bila ubishi. Namba hizo hubadilika kila sekunde 30 na huhesabiwa kwa wakati wa dunia, UTC. Goma, Bukavu na Lubumbashi ziko UTC+2, Kinshasa UTC+1. Simu iliyowekwa kanda ya Kinshasa huonyesha saa moja nyuma. Mwenye simu huisogeza mbele kwa mkono, akaridhika, na kumbe ameipotosha kwa sekunde 3,600, yaani hatua 120. Kosa lilikuwa la kanda, saa yenyewe ilikuwa sahihi. Chagua kanda ya Lubumbashi, kisha washa saa ya kujirekebisha yenyewe.

Kama watu *wote* wamekataliwa kwa wakati mmoja, simu zao hazina hatia. Kwenye seva andika `chronyc tracking` uone kama saa yake iko sawa.

Dalili ya 5: `REMOTE HOST IDENTIFICATION HAS CHANGED`

Seva imewekwa upya, anwani imepewa mashine nyingine, au kuna mtu katikati ya njia. Usifute mstari wa zamani kwa `ssh-keygen -R` kabla ya kumpigia msimamizi simu na kumsomea alama ya utambulisho herufi kwa herufi. Kama hajui lolote kuhusu mabadiliko hayo, usiingie, na usiandike neno lako la siri.

Dalili ya 6: umeingia, halafu inakatika

Ruta za mitandao ya simu hufunga njia isiyopitisha kitu kwa dakika chache. Weka kwenye `~/.ssh/config`:

`Host 10.8.0.5`
`ServerAliveInterval 30`
`ServerAliveCountMax 6`

Hiyo huipa njia pumzi ya dakika 3 kabla ya kukata tamaa. Hata hivyo mtandao utakatika tu siku moja, kwa hiyo kazi ndefu isianzishwe nje ya tmux, programu inayoacha kazi iendelee kwenye seva hata ukikatika. `tmux new -s kazi`, anzisha, toka kwa Ctrl+b kisha d. Ukirudi, hata ukiwa kwenye kompyuta nyingine: `tmux attach -t kazi`. Kama kazi inakufa hata ndani ya tmux, angalia `KillUserProcesses` kwenye `/etc/systemd/logind.conf`. Wanaopitia satelaiti ya mbali (kilomita 35,786 juu, kwenda na kurudi zaidi ya nusu sekunde) watapata nafuu kwa mosh (mbadala wa dirisha la SSH unaovumilia mtandao mbovu), inayohitaji poti za UDP 60000 hadi 61000 ziwe wazi.

Kuhamisha faili kubwa: `rsync -av --partial --append-verify --bwlimit=200`. Linaendelea pale lilipokatikia, na kikomo cha kilobaiti 200 kwa sekunde kinawaachia wengine njia mchana. Lakini jiulize kwanza kama unalihitaji. Picha moja ya rada ya satelaiti Sentinel-1, ya aina ghafi zaidi iitwayo SLC, hukaribia au kupita giga 4. Ichakatwe kwenye seva, wewe ushushe ramani ya mwisho tu.

Dalili ya 7: umeingia, ila kila herufi inachelewa

Linganisha `uptime` (mzigo) na `nproc` (idadi ya vichakataji). Mzigo ukizidi mno idadi ya vichakataji, tafuta mwenye nao:

`ps -eo user,rss,stat,etime,cmd --sort=-rss | head`

Mara nyingi ni mtu mmoja aliyeanzisha uchakataji wa picha bila kikomo. Usiiue kazi yake kabla ya kumpigia. Safu ya `etime` inaweza kuonyesha siku tatu za hesabu, na simu ya dakika moja ni rahisi kuliko ugomvi wa wiki. Mwombe aweke mipaka: `gpt -c 4G -q 4` kwa SNAP (programu ya kuchakata picha za satelaiti), `OMP_NUM_THREADS=4` kwa Python. Msimamizi anaweza kuiweka mwenyewe bila kuomba:

`sudo systemctl set-property user-1005.slice MemoryMax=16G CPUQuota=400%` (1005 ni namba ya mtumiaji huyo, inayoonekana kwa `id`)

Programu iliyokufa ghafla bila maelezo, tazama `sudo dmesg -T | grep -i "killed process"`. Kumbukumbu iliisha, na mfumo ukachagua wa kumtoa. Kama mzigo ni mdogo lakini mashine ni nzito, endesha `sensors` uone joto: vumbi jeusi la Goma hujaza feni upesi. Lipulizwe mashine ikiwa imezimwa na kuchomolewa.

*Simama hapa:* `dmesg` ikionyesha `I/O error` au diski ikigonga, usiendeshe `fsck` kwenye diski iliyo kazini. Nakili kilicho muhimu zaidi, zima, ita mtaalamu wa diski.

Dalili ya 8: `Disk quota exceeded`, `No space left on device`, au folda ya pamoja haiandikiki

`quota -s` kwa mgawo wako, `df -h` kwa diski nzima, `df -i` kama nafasi ipo lakini mafaili madogo mengi yamemaliza namba (kila faili hutumia moja). Kuvuka kikomo laini kwa kawaida kuna siku 7 za msamaha. Ndiyo maana ujumbe wa kosa huja wiki moja baada ya kikomo kuvukwa. Wenye kujaza nafasi kwa kawaida ni `~/.cache`, mabaki ya conda (`conda clean --all`) na hatua za kati za uchakataji wa picha. Mitetemo yenyewe si mizito hivyo: chaneli moja ya sampuli 100 kwa sekunde ina sampuli 8,640,000 kwa siku, ikibanwa ni mega 10 hivi. Usiifute kamwe kutafuta nafasi. Picha ya satelaiti inaweza kushushwa tena, tetemeko la jana halirudii.

Folda ya pamoja ikikataa mtu aliyeongezwa kwenye kikundi leo, mwambie aandike `id`, kisha `id amani`. Ya kwanza inaonyesha vikundi vya kikao alichomo, ya pili vilivyo kwenye orodha ya seva. Zikitofautiana, atoke kabisa na kuingia upya, pamoja na kufunga tmux ya zamani, ambayo hubaki na vikundi vya siku ilipoanzishwa. Zikifanana, tatizo ni folda: `sudo chmod 2770 /data/mitetemo`, na `sudo setfacl -d -m g:mitetemo:rwX /data/mitetemo` ili mafaili mapya yafuate kikundi.

Dalili ya 9: kuna mtu ndani msiyemjua

`last -i` inaonyesha kuingia kwa akaunti ya mtu ambaye wakati huo alikuwa barabarani kwenda Rutshuru. Au kuna programu yenye jina la ajabu inayokula vichakataji vyote kutoka `/tmp` au `/dev/shm`. Uwezekano mkubwa ni mchimba sarafu za kidijitali aliyeingia kwa ufunguo au neno lililoibiwa. Hata wakubwa hupatwa: Mei 2020, ARCHER ya Edinburgh na kompyuta kubwa nyingine za Ulaya zilifungwa kwa sababu ya akaunti za SSH zilizoibiwa.

Usizime mashine, usifute programu hiyo, usiwashe upya. Hifadhi `ps auxf`, `sudo ss -tnp` na `last -i` kwenye diski ya nje, kisha chomoa waya wa mtandao na uite mtaalamu wa usalama. Mpaka afike, hakuna anayetumia neno lake la siri la seva hiyo mahali pengine popote.

Mlango wa kawaida wa wageni hawa ni akaunti ya pamoja ya wanafunzi wa staji, ile ambayo neno lake limeandikwa ukutani. Kila mwanafunzi apewe yake, na tarehe ya kufa iwekwe siku inapozaliwa: `sudo chage -E 2026-09-30 jina`.